Sauti ya Kusaga Katika Pikapu: Jinsi ya Kuitambua na Kuitengeneza

Mkulima apakiaye viazi Kinangop alfajiri kuvipeleka sokoni Nairobi, na mwenye duka achukuaye bidhaa zake mjini, wote wawili huitegemea pikapu kwa riziki yao. Siku moja, gari likipanda mlima, dereva akanyagapo mafuta husikia chini yake sauti kama ya mawe yanayosagwa. Aondoapo mguu, sauti hukoma. Wengi hupuuza jambo hilo na kuendelea na safari. Hilo ni kosa kubwa. Mti wa propela uliolegea waweza kukatika na ncha yake ya mbele ikachoma barabara, na difu likikwama magurudumu ya nyuma hufungika ghafula. Kwa upande mwingine, huenda ubovu ukawa ni bamba la bati lililolegea tu. Basi, kabla ya kutoa fedha yoyote, yafaa kujua sauti inatoka wapi.

Katika pikapu nyingi nguvu ya injini hupita katika klachi, kisha gia boksi, kisha mti wa propela, kisha difu, na mwisho magurudumu ya nyuma. Dereva akanyagapo mafuta, meno ya gia husukumana upande mmoja. Aondoapo mguu, husukumana upande wa pili. Ndiyo maana kiungo kilicholika hupiga kelele chini ya mzigo na kunyamaza mzigo uondokapo.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama. Vuta breki ya mkono, weka gari nyutro, yaani bila gia, kisha kanyaga mafuta kidogo kidogo. Kama sauti inasikika, ubovu hauko katika propela wala difu, kwa kuwa hivyo havizunguki wakati huo. Tazama bamba la bati lililo juu ya bomba la moshi, na mipira inayoishika injini. Mpira ukikatika, injini huinama inapovuta, na feni huweza kugusa kifuniko chake, au bomba la moshi likasugua chesi.

Jaribio la pili ni la klachi, injini ikiwa inanguruma na gari nyutro. Sauti ikianza ukanyagapo pedali ya klachi, beringi ya kusukumia klachi imechoka. Sauti ikiwapo pedali ikiwa juu, na kupotea uikanyagapo, shuku beringi ya mti uingiao katika gia boksi.

Jaribio la tatu hufanywa barabarani. Sauti ikisikika katika gia moja tu, ubovu ni wa gia hiyo. Katika gia boksi nyingi za pikapu, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Basi sauti ikisikika katika gia za chini na kupungua sana katika ya nne, shuku beringi za mti wa chini wa gia boksi. Ikiwa ni mngurumo usikikao katika gia zote, ukiongezeka kwa mwendo na kubadilika kila uondoapo mguu, tazama difu. Lakini ikiwa haibadiliki ukanyagapo mafuta wala uachapo, bali hubadilika ukikata kona, yamkini ni beringi ya gurudumu.

Propela nayo ina dalili zake: mshindo gari linapoanza kuondoka, na mtetemeko mwendo uzidipo. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, weka gari nyutro, kisha shika propela kwa mikono na kuipindua huku na huku. Ikicheza katika kiungo cha msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi, au ukiona unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vyake, kiungo hicho kimekwisha. Kama propela ni ya vipande viwili, angalia pia beringi iliyo katikati na mpira wake.

Sasa tuseme juu ya matengenezo. Anza na oili, kwa maana gharama yake ni ndogo. Gari likiwa mahali tambarare na limepoa, fungua bolti ya kujazia iliyo ubavuni mwa difu au gia boksi. Oili ifike ukingo wa chini wa tundu. Unga laini katika sumaku ya bolti ya kumwagia ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma ni ishara ya meno au beringi iliyovunjika. Tumia oili iliyotajwa katika kitabu cha gari. Oili ya daraja la GL-5 huwekwa katika difu nyingi, lakini katika baadhi ya gia boksi huweza kuharibu pete za shaba.

Krosi huweza kubadilishwa na fundi wa kawaida. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi katika propela na katika difu, ili virudishwe vilivyokuwa. Usipofanya hivyo, huenda gari likatetemeka. Krosi mpya yenye chuchu itiwe grisi mpaka ionekane ikitoka kandokando. Meno ya difu, hata hivyo, hupimwa kwa vipimo vidogo sana, na kazi hiyo yahitaji fundi mwenye vyombo vyake.

Kumbuka pia kwamba haifai kabisa mtu kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Hapana budi litegemezwe kwa stendi imara za chuma, na magurudumu yaliyo chini yatiwe kabari.

Mwenye gari afikaye gereji akiwa ameyafanya majaribio haya aweza kumwambia fundi ni katika gia gani, kwa mwendo gani, na mguu ukiwa wapi, sauti husikika. Mtu kama huyo si rahisi kuuziwa gia boksi nzima wakati dawa ya gari lake ni krosi moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.