Juu ya Kusikiana: Majadiliano ya Marburg, 1529

Ni desturi kudhani kwamba watu wasipoelewana, sababu ni uhaba wa maneno. Wakifafanuliana vizuri, watapatana. Majadiliano ya Marburg yanaonyesha kwamba sivyo.

Mwezi wa Oktoba 1529, Mtawala Filipo wa Hesse aliwakutanisha Luther na Zwingli katika ngome yake. Wote wawili walisema Kijerumani, lakini cha Zwingli kilikuwa cha Uswisi. Alipolitaja andiko la Yohana 6:63, alimwambia Luther kwamba litamvunja shingo, yaani litaishinda hoja yake. Luther akadhani ni vitisho, akajibu kwamba hapo ni Hesse, si Uswisi, na shingo hazivunjwi ovyo. Zwingli akaomba radhi, akaeleza kwamba kwao huo ni msemo tu, na jambo likaisha. Aliyepata kuhubiri kupitia mkalimani hatashangaa.

Ugumu ulikuwa katika neno dogo zaidi: "ni". Luther alikuwa ameandika mezani kwa chaki maneno ya Bwana juu ya mkate, akayafunika kwa kitambaa, kisha akakifunua alipodaiwa uthibitisho. Kwake "ni" ilikuwa ni. Kwa Zwingli ilimaanisha "huashiria". Hakuna aliyeshindwa kujieleza. Kilichokosekana ni kuisikia hofu iliyokuwa nyuma ya neno. Luther aliogopa kwamba dhamiri iliyojeruhiwa ingebaki bila ahadi ya kushika. Zwingli aliogopa kwamba waumini wangerudi kukiabudu kiumbe badala ya Muumba. Zote mbili ni hofu za kichungaji. Sisi Walutheri tumezoea kuisifu chaki ile. Ni mara chache tumeuliza mwenzake alikuwa akilinda nini.

Vivyo hivyo, muumini ajapo ofisini na kusema "nimechoka na kanisa", mara nyingi jibu letu liko mezani tayari, chini ya kitambaa. Huenda amechoka na kanisa. Huenda amefiwa, na hakuna mzee aliyefika kwake.

Huko Marburg walipatana katika vifungu 14 kati ya 15, na katika cha 15 lilibaki jambo moja tu. Zwingli aliuawa vitani Kappel mwaka 1531. Ilipita miaka 444 tangu Marburg hadi Makubaliano ya Leuenberg ya 1973, ambamo Walutheri na Wareformed wa Ulaya walitamka kwamba hukumu walizotoleana katika karne ya 16 haziyagusi tena mafundisho yao kama yalivyo sasa.