"Le Rayon vert": filme ya mwanamke asiyeweza kukaa peke yake

Ni mwezi wa saba, mjini Paris. Delphine, karani wa ofisi, amepanga kwenda likizo Ugiriki pamoja na rafiki yake. Majuma mawili mbele ya safari, rafiki anamupigia simu: ataenda na mtu mwingine.

Ndivyo inavyoanza "Le Rayon vert", filme ya Mfaransa Éric Rohmer, iliyopata Simba wa Dhahabu, tunzo kubwa la maonyesho ya sinema ya Venice, Italia, mwaka wa 1986.

Delphine, anayechezwa na Marie Rivière, anaogopa kubaki peke yake. Basi anahangaika. Anaenda Cherbourg pamoja na jamaa ya rafiki, anarudi Paris. Anapanda milimani La Plagne, anashuka siku ileile. Mwishowe anafika Biarritz, kando ya bahari. Kila mahali kuna watu, na kila mahali machozi yanamutoka.

Mezani kule Cherbourg, wenyeji wanamuuliza kwa nini hakuli nyama. Anaeleza, wanauliza tena. Hakuna anayemutukana, lakini amebaki mgeni katikati ya watu. Mazungumzo hayo yana ladha ya kweli, kwani wachezaji wengi walijitungia maneno yao wenyewe mbele ya kamera.

Mtu anaweza kumuona Delphine kuwa mwenye kujidai. Marafiki wanamushauri atafute mwanaume. Vijana wanapomukaribia kule Biarritz, anakimbia. Ila Rohmer hamuhukumu. Delphine anaogopa upweke, lakini anaogopa zaidi kukaa na mtu yeyote tu ili asiwe peke yake.

Jina la filme linatoka katika kitabu cha Jules Verne cha mwaka wa 1882. Jua linapozama baharini, mwangaza wake wa mwisho huweza kuonekana wa kijani, na katika kitabu hicho, anayeuona anasoma moyo wake na wa wengine.

Akingojea treni ya kurudi Paris, Delphine anakutana na kijana mmoja anayeelekea Saint-Jean-de-Luz. Kwa mara ya kwanza, ni yeye anayeomba kufuatana na mtu. Jioni wanaketi wakitazama jua likishuka.

Wataona nini? Hilo tunawaachia mujionee wenyewe. Anayetazama peke yake nyumbani atajua kwamba hakosi mwenzake.