Kuleta ndege mkononi (mafunzo ya mbwa)

Kuleta ndege mkononi ni hatua ya mwisho ya kazi ya mbwa wa kuwinda wa aina ya retriva. Mbwa humwokota ndege aliyepigwa risasi, hurudi naye kwa mwindaji, husimama au kukaa mbele yake au ubavuni mwake, kisha huendelea kumshika ndege mdomoni mpaka mwindaji amguse kwa mkono na kutoa amri ya kumwachia. Mbwa anayemdondosha ndege hatua chache kabla ya kumfikia mwindaji amefanya sehemu kubwa ya kazi, lakini hajaimaliza.

Hamu ya kukimbilia kitu kilichoanguka na kukibeba mdomoni ni ya kuzaliwa kwa retriva wengi. Kukikabidhi mkononi kwa utulivu ni jambo la kufundishwa, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi.

Asili ya retriva

Mbwa hawa walikuzwa hasa Uingereza na Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19, wakati bunduki za marisawa zilipoboreshwa na uwindaji wa ndege wanaoruka ulipoenea. Ndege aliyepigwa angani huweza kuanguka mbali, kwenye matete, kichaka au maji, ambako mtu hamwoni wala hamfikii kwa urahisi.

Labrador Retriever anatokana na mbwa wa maji waliotumiwa na wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambao walipelekwa Uingereza katika karne ya 19. Klabu ya mbwa ya Uingereza ilimtambua mwaka 1903, na ile ya Marekani mwaka 1917. Golden Retriever alianzia Uskoti: mwaka 1868 Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth, alimpandisha dume wa rangi ya manjano aliyeitwa Nous kwa jike wa maji aliyeitwa Belle. Chesapeake Bay Retriever alikuzwa Marekani, katika jimbo la Maryland na maeneo ya jirani, kwa kuokota bata kwenye maji baridi ya ghuba. Manyoya yake yana tabaka mbili na mafuta yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi.

Sababu za kutaka ndege afike mkononi

Sababu kubwa ni ndege aliyejeruhiwa. Si kila ndege anayeanguka amekufa. Wengine wamevunjika bawa tu. Ndege kama huyo akidondoshwa chini huweza kukimbia na kujificha kwenye majani, na bata akidondoshwa ukingoni mwa maji huweza kupiga mbizi na kupotea. Matokeo yake ni ndege kufa polepole bila kumfaa mtu. Nchini Marekani sheria ya shirikisho humtaka mwindaji wa ndege wanaohama afanye juhudi za kutosha kumpata kila ndege aliyemuua au kumjeruhi.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi. Mwindaji wa bata mara nyingi yumo ndani ya mashua, kwenye maficho, au amesimama majini hadi kiunoni. Ndege akiachiwa hatua tatu kutoka kwake, mkondo humchukua. Tena mbwa anayedondosha na kuokota mara kwa mara hubadilisha namna anavyomshika ndege, na kila mshiko mpya ni nafasi ya kumbana kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mdomo laini na mdomo mgumu

Mbwa mwenye mdomo laini humbeba ndege bila kumtoboa wala kumponda, akimshika kwenye mwili, si kwa bawa au shingo. Mbwa mwenye mdomo mgumu huvunja mbavu za ndege na kuharibu nyama. Katika mashindano ya Uingereza waamuzi humpapasa ndege aliyeletwa ili kuona kama mbavu zake zimevunjika, na mdomo mgumu ni kosa la kumtoa mbwa katika mashindano. Hata hivyo huangaliwa kwanza kama uharibifu huo haukuletwa na risasi au na kishindo cha kuanguka.

Hatua za mafunzo

Mtoto wa mbwa

Mafunzo huanza kama mchezo. Mfunzaji hukaa mwishoni mwa ukumbi mwembamba au njia yenye kuta pande zote mbili na kurusha soksi iliyokunjwa. Mtoto wa mbwa akishaiokota hana njia nyingine ila kurudi kwa mfunzaji, naye hupokewa kwa kupapaswa mgongoni na kifuani. Soksi hainyang'anywi mara moja. Mtoto akizoea kwamba kila anaporudi hunyang'anywa kitu chake, ataanza kukwepa au kukimbia nacho, na kosa hilo ni gumu kuliondoa baadaye. Mazoezi huwa machache, mara mbili au tatu tu kwa siku, na huachwa angali ana hamu.

Kati ya umri wa miezi 4 na 7 meno ya utoto hung'oka na ya ukubwani huota. Wakati huo fizi huuma, hivyo wafunzaji wengi hupunguza mazoezi ya kubeba ili mbwa asije akahusisha kubeba na maumivu.

Kushika

Baada ya meno kukamilika hufundishwa amri ya kushika. Mbwa hukalishwa, kisha mfunzaji huweka kitu kisicho na ladha mdomoni mwake, kama vile mkono wenye glavu, kijiti kinene cha mbao au rola safi ya kupakia rangi. Kidevu huinuliwa kwa upole na mbwa husifiwa anapotulia, hata kama ni kwa sekunde 2 tu. Muda huongezwa kidogo kidogo. Mbwa anayetafunatafuna au kutema hurudishiwa kitu hicho bila ukali.

Akiweza kushika akiwa ameketi, hufundishwa kushika akitembea. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kwa mbwa kutembea ukiwa umeshika ni somo tofauti na kukaa ukiwa umeshika. Huanza kwa hatua moja, kisha mbili, halafu kugeuka, kuitwa kutoka mbali na kuketi mbele ya mfunzaji bila kutema.

Kuachia

Amri ya kuachia ni neno fupi ambalo halitumiki kwa jambo lingine. Mfunzaji hushika kitu kwanza, hutulia, ndipo husema neno. Hapaswi kuvuta, maana kuvutana humfundisha mbwa kubana meno. Mbwa asiyetaka kuachia anaweza kupewa chakula kama mbadala, au mfunzaji akasukuma kitu hicho kidogo kuelekea ndani ya mdomo badala ya kukivuta nje.

Kutoka bampa hadi ndege

Bampa ni kifaa cha mazoezi chenye umbo la mche wa duara, kilichotengenezwa kwa turubai au plastiki, chenye kamba ya kurushia. Mbwa akileta bampa mkononi bila kosa, hufungiwa mabawa ya ndege juu yake ili azoee manyoya. Kisha hupewa ndege mzima aliyekufa na kupoa, mara nyingi njiwa kwa kuwa ni mdogo, na baadaye bata au fesanti. Ndege mwenye joto na damu huachwa mwisho, kwa sababu humsisimua mbwa zaidi. Mlio wa bunduki nao hufundishwa peke yake, ukianzia mbali, kabla ya kuunganishwa na kuokota.

Kila kitu kipya hurudisha mafunzo nyuma kidogo. Mbwa aliyekuwa akileta bampa vizuri huweza kumtema njiwa mara ya kwanza. Huyo hurudishwa kwenye amri ya kushika akiwa ameketi, safari hii kwa njiwa.

Kutoka majini

Mbwa akitoka majini hutaka kujikung'uta, na ili ajikung'ute vizuri humtua ndege chini. Hapo ndipo bata waliojeruhiwa hutoroka. Mfunzaji husimama pale pale maji yanapoishia na kupokea bampa kabla mbwa hajatoka wote. Siku zinazofuata hurudi nyuma hatua moja moja, akimwita mbwa kwa haraka, mpaka mbwa azoee kwamba kujikung'uta huja baada ya kukabidhi.

Mjadala kuhusu kulazimisha

Huko Marekani wafunzaji wengi hutumia njia ya kulazimisha: mbwa hufinywa sikio au kidole cha mguu, na maumivu hukoma pale tu anaposhika kitu. Wanaoitetea husema humfanya mbwa alete ndege hata siku ambayo amechoka au maji ni ya baridi kali, kwa kuwa kuokota kumekuwa wajibu na si mchezo tu. Wanaoipinga husema huweza kuvunja imani ya mbwa kwa bwana wake, hasa ikitumiwa na mtu asiye na uzoefu au mwenye hasira. Wafunzaji wa njia ya zawadi hupata tabia hiyohiyo kwa kugawa somo katika vipande vidogo na kutunza kila hatua kwa chakula au kwa kurushiwa tena. Nchini Uingereza kufinya sikio si desturi. Mkazo huwekwa katika kuchagua mbwa wa ukoo wenye mdomo laini na hamu ya asili ya kurudi.

Pande zote mbili hukubaliana kwamba mbwa asiyewahi kufundishwa kushika hawezi kuadhibiwa kwa kutoshika.

Majaribio na mashindano

Mashindano ya kwanza ya retriva chini ya klabu ya mbwa ya Marekani yalifanyika mwaka 1931 huko Chester, New York. Kuanzia mwaka 1985 klabu hiyo ina pia majaribio ya uwindaji yenye ngazi tatu, ambamo mbwa hupimwa kwa kiwango kilichowekwa badala ya kushindanishwa na wenzake. Kukabidhi mkononi ni mojawapo ya mambo yanayotakiwa.

Tazama pia

Mbwa
Uwindaji
Bata