Helikopta bila mabawa: sheria ya alama ilivyobadilika

HELIKOPTA inapotua uwanjani wakati wa kampeni, macho ya wengi huelekezwa kwa mgeni anayeshuka. Ni wachache wanaotazama maandishi ya ubavuni: 5Y, kistari, kisha herufi tatu. Hata hivyo, alama hizo ndizo huwezesha kujulikana mmiliki wa chombo hicho.

Sharti la ndege kuwa na alama za nchi na za usajili liliwekwa katika Mkataba wa Paris wa 1919. Wakati huo helikopta hazikuwa zimeanza kutumika, hivyo sheria zilitungwa kwa kufuata umbile la ndege zenye mabawa.

Mnamo 1944, Mkataba wa Chicago ulidumisha sharti hilo katika Kifungu cha 20. Utaratibu wake ulifafanuliwa katika Kiambatisho cha Saba, kilichopitishwa 1949. Kiambatisho hicho huagiza herufi za chini ya bawa ziwe na kimo kisichopungua sentimita 50, na za ubavuni au mkiani sentimita 30.

Lakini kufikia wakati huo, helikopta aina ya Bell 47 ilikuwa tayari imeidhinishwa nchini Marekani kwa matumizi ya kiraia, mnamo Machi 1946. Je, chombo kisicho na bawa kiandikwe wapi? Jibu la Kiambatisho ni kwamba ndege isiyo na sehemu zilizotajwa iandikwe kwa namna itakayowezesha kutambuliwa kwa urahisi.

Kila taifa likajiwekea kanuni. Marekani huagiza alama ziwe pande zote mbili za chombo, na tangu Aprili 1983 kimo chake ni inchi 12. Helikopta za awali ziliruhusiwa kubaki na alama za zamani hadi zipakwe rangi upya.

Nchini Kenya, alama za VP-K za enzi ya ukoloni zilitoa nafasi kwa 5Y baada ya uhuru.

Umuhimu wa usajili hudhihirika zaidi wakati wa msiba. Juni 10, 2012, helikopta ya polisi, 5Y-CDT, ilianguka na kuteketea Ngong. Watu sita walifariki, akiwemo Waziri George Saitoti. Rangi huungua, ndiyo maana Kiambatisho hudai pia kibati kisichoshika moto chenye alama hizo. Kwa alama hizo, wachunguzi hufuatilia rekodi za umiliki na ukarabati.