Ndugu anapofia kisiwa cha mbali: Azikwe huko au aletwe nyumbani?



Vijana wetu wengi wa pwani wanatafuta riziki melini na katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Siku moja simu inaweza kulia nyumbani kwako, ukaambiwa kuwa mwanao au mumeo amefariki katika kisiwa ambacho hujawahi hata kukisikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Neno la kwanza kutoka katika familia nyingi huwa ni "aletwe nyumbani". Wiki hii tutaeleza neno hilo lina maana gani kwa upande wa afya, dini na gharama, kwa sababu uamuzi unatakiwa siku ile ile, si baada ya siku tatu za vikao.

Umbali na joto

Tuchukue mfano wa Shelisheli, nchi yenye visiwa 115. Uwanja wake wa ndege wa kimataifa upo Mahé, penye mji mkuu, Victoria. Lakini kisiwa cha Aldabra kipo zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapo, na hakina uwanja wa ndege. Ulio karibu upo kisiwa cha Assumption. Anayefia huko husafirishwa kwa boti, kisha ndege ndogo, kisha ndege kubwa, na kila hatua husubiri hali ya bahari na ratiba.

Wakati huo mwili hausubiri. Katika joto la visiwani, maiti huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa vijidudu vilivyomo tumboni huendelea na kazi yao. Chumba cha baridi cha nyuzi 4 hupunguza kasi hiyo tu, hakiisimamishi. Kwa hiyo muulize aliyepiga simu: Maiti yuko wapi sasa? Kuna chumba cha baridi? Chombo kinachofuata kinaondoka lini?

Ukiamua aletwe

Haya ndiyo mambo yanayohitajika kwa kawaida:

1. Cheti cha daktari kinachoeleza sababu ya kifo, na cheti cha kifo cha serikali ya huko. Kama kifo ni cha ghafla au cha ajali, polisi watachunguza kwanza na mwili unaweza kupasuliwa. Familia haiwezi kulizuia agizo hilo.

2. Pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi. Kama nchi hiyo haina ubalozi wetu, wasiliana na wizara ya mambo ya nje.

3. Cheti kwamba maiti ametiwa dawa, na kingine kwamba hakufa kwa maradhi ya kuambukiza.

4. Jeneza lililozibwa, mara nyingi la mbao lenye bati la zinki ndani, lisilopitisha maji wala harufu.

5. Kibali cha kumtoa nchi ile na kibali cha kumpokea huku. Maafisa afya wa uwanja wa ndege huvikagua.

Kutia dawa maana yake ni kupitisha formalini kwenye mishipa ya damu. Dawa hii huwasha macho na kifua, na tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo jeneza lisifunguliwe sebuleni mbele ya watoto na wazee. Afisa afya akikataza kulifungua, msishindane naye.

Kwa sababu hiyo, josho na sanda vifanyike kule kule kabla jeneza halijazibwa. Tafuteni Waislamu wa pale. Mjini Victoria, kwa mfano, upo msikiti. Waoshaji wavae glovu na aproni, wafunike michubuko yao, na baadaye wanawe kwa sabuni. Aliyekufa kwa kipindupindu au Ebola aachwe mikononi mwa watu wa afya. Wao ndio watakaoelekeza namna ya kumhudumia.

Dini inasemaje?

Uislamu umehimiza kuharakisha maziko. Mashahidi wa Uhud walizikwa pale pale walipouawa, kwa amri ya Mtume (S.A.W.). Maulamaa wengi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, wanakataza au wanachukia kumhamisha maiti kutoka mji hadi mji, isipokuwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Kama huko hakuna namna ya kumzika Kiislamu, muulizeni shekhe wenu haraka.

Kuzikwa kisiwani ugenini si fedheha. Ummu Haram bint Milhan (R.A.), sahaba wa Mtume, alifia kisiwa cha Cyprus na kaburi lake lipo huko mpaka leo, karibu na mji wa Larnaca. Nanyi mliobaki nyumbani mnaweza kumswalia kwa swala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomswalia Najashi wa Habasha.

Nani analipa?

Gharama za lazima za maziko hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya mirathi. Lakini nauli ya jeneza si lazima, hivyo si halali kuikata katika fungu la yatima. Kama marehemu alikuwa baharia wa meli ya biashara, ulizeni kampuni yake. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unamtaka mwenye meli kulipia maziko, na marekebisho yaliyoanza Desemba 2024 yanataka nchi zisaidie kurejesha mwili haraka. Meli za uvuvi hazimo katika mkataba huo, kwa hiyo mvuvi asome mkataba wake wa ajira kabla ya kutia saini.

Kabla hajasafiri

Mketishe kijana wako leo, akiwa mzima. Aandike wasia, aache nakala ya pasipoti, jina la mwajiri na namba ya simu ya Muislamu mmoja wa huko aendako. Na wewe mwambie wazi: "Mwanangu, likitokea la kutokea, zikwa na Waislamu wenzako hapo ulipo, nasi tutakuombea dua." Maneno hayo ni mazito kuyatamka, lakini siku simu itakapolia yatawaepusha na ugomvi, deni, na maiti kukaa siku nyingi bila kuzikwa.

Wabillahi tawfiq.