Nyama Salama Yaanzia Zizini

Mwananchi wa Visiwani anaposimama mbele ya bucha huwa anaweka imani yake kwa watu asiowajua. Hakuliona zizi alimotoka ng'ombe, hakumwona aliyemkagua kabla ya kuchinjwa, wala hajui ni dawa gani alizochomwa. Akionacho ni nyama iliyotundikwa na bei yake. Kwa kuwa sehemu ya kitoweo hicho huvushwa bahari kutoka Bara, tumeona yafaa tulizungumzie suala la maradhi ya mifugo kwa kuanzia mbali na pwani, huko Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida.

Iramba ni nchi ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio akiba ya kaya, na kuku wa kienyeji wa Singida wamejipatia sifa hadi Dar es Salaam. Wapo wanaoamini kwamba mnyama aliyekulia porini, kwa kuwa hakulelewa kiwandani, hana dhara lolote. Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba nyama ya barafu iliyofungwa kwa nailoni na kupigwa muhuri wa ng'ambo ndiyo safi. Sisi tunasema kwamba imani zote mbili ni za hatari.

Tuanze na ile ya kwanza. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa na wataalamu karibu na Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi vyake huweza kukaa miaka mingi ndani ya mayai ya mbu katika udongo mkavu wa mbuga, vikingojea mafuriko. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 ugonjwa huo ulilipuka Kenya, na mapema 2007 ukaingia nchini mwetu. Mikoa 10 iliguswa, Dodoma ikiumia kuliko yote, na Singida ikiwa miongoni mwao. Watu wapatao 309 waliorodheshwa kuwa wameugua, na wengi kati yao walifariki dunia. Bucha zilikosa wateja, na mfugaji akabaki na mifugo isiyonunuliwa.

Hakuna kiwanda kilichouleta msiba huo. Ulitoka katika mvua na mbu, ukawapata watu kwa kuumwa na mbu, na kwa kugusa damu, mimba zilizotupwa na nyama mbichi za wanyama wagonjwa. Nyama iliyopikwa ikaiva huviua virusi hivyo. Kwa hiyo aliyekuwa hatarini zaidi hakuwa mlaji aliyeketi mezani, bali mchinjaji, mchunaji, mchungaji na mama aliyeikata nyama jikoni.

Imani ya pili nayo ilikanushwa huko Uingereza. Mwaka 1986 waligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Chanzo cha kuenea kwake kilikuwa chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa nyama na mifupa ya wanyama waliosagwa: kwa ajili ya faida, ng'ombe mla majani alilishwa ng'ombe mwenzake. Mwaka 1990 Waziri wa Kilimo wa huko, John Gummer, alisimama na bintiye mdogo mbele ya wapiga picha, akala baga ili kuwaonyesha wananchi kwamba nyama haina neno. Mwezi Machi 1996 serikali hiyo hiyo ilikiri kwamba yaelekea ugonjwa ule umewafikia binadamu. Zaidi ya watu 170 walikufa nchini humo, na mamilioni ya ng'ombe wakateketezwa. Na ugonjwa huu hauuawi kwa moto wa jikoni, hata nyama ichemke kutwa.

Hatuhitaji kwenda Uingereza kuona pupa ya faida. Kuku wa kisasa hukuzwa kwa wiki chache, wakiwa wengi katika banda moja, na mfugaji huona nafuu kuwapa dawa za kuua vijidudu hata wasipougua. Kila dawa ina siku zake za kungojea kabla mnyama hajachinjwa. Anayemuuza kuku kabla ya siku hizo humuuzia mlaji na mabaki ya dawa. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyozizoea dawa huzishinda pia hospitalini. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku mwaka 2006 matumizi ya dawa hizo kwa nia ya kunenepesha mifugo tu.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Waziri huficha kwa kulinda soko, na mfugaji huficha kwa kulinda mali yake. Yule wa Iramba anayeona kondoo wake wakitupa mimba kwa wingi anajua kwamba akimwita bwana mifugo, huenda mnada ukafungwa, na ada ya shule ikakosekana. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inamtaka atoe taarifa. Lakini sheria pekee haimtoshi mtu mwenye njaa. Ikiwa anayesema kweli hupata hasara na anayeficha hupata faida, tutakuwa tumewafundisha wananchi kuficha.

Kwa hiyo twawaomba watendaji wa Serikali, Bara na Visiwani, wayatazame haya. Bwana mifugo apewe chombo cha kumfikisha vijijini, na mfugaji aliyetoa taarifa mapema asaidiwe. Ukaguzi ufanywe mnyama akiwa hai na baada ya kuchinjwa, na muhuri usipigwe na mtu ambaye hakuitazama nyama. Habari za ugonjwa zifike bandarini kabla ya jahazi la ng'ombe.

Nao wananchi wasikimbilie rahisi. Dini zetu zimetufundisha tangu chuoni kwamba kibudu si chakula, na elimu ya kisasa imeongeza sababu. Mnyama aliyejifia azikwe, hata kama kumzika ni kuzika fedha. Nyama isiyo na muhuri iachwe buchani, na ile yenye muhuri ipikwe hadi iive. Mlaji wa Unguja na Pemba ana haki ya kuuliza nyama yake imetoka wapi, na mfugaji wa Kiomboi ana haki ya kulindwa anapojibu kweli.