Kushona nyumbani kunatuliza moyo, lakini tunza macho na mgongo

IKIWA una cherehani nyumbani ambayo imefunikwa kitambaa tangu mtoto wa mwisho aanze shule, makala haya yanakuhusu. Yanakuhusu pia wewe unayeshona kila jioni mpaka shingo ikakaza, na wewe uliyestaafu ambaye mchana unakuwa mrefu kupita kiasi.

Wengi wetu mjini huona kushona kuwa kazi ya fundi aliye kibarazani. Nguo za mitumba zilipojaa sokoni, watu wengi waliacha kujishonea kwa kuwa kununua kulikuwa rahisi zaidi. Hata hivyo, wapo ambao hawakuacha. Ukiwauliza sababu, aghalabu hawatataja pesa kwanza. Watakuambia kwamba wakiketi kwenye cherehani, akili hutulia.

Kwa nini akili hutulia

Kushona hudai mikono, macho na akili kwa wakati mmoja. Ni vigumu kufuata mstari wa chaki huku ukihesabu madeni. Kwa muda wa saa moja, mawazo yaliyokuwa yakizunguka kichwani hupata mahali pa kutua.

Aidha, kazi hii ina mwisho unaoonekana. Kazi ya ofisi na ya nyumbani haiishi, lakini sketi iliyokuwa kitambaa asubuhi inaweza kuvaliwa jioni. Uamuzi nao ni wako. Gauni la mitumba utalipunguza limfae binti yako, au utalikata liwe foronya? Vipande vya kitenge vilivyobaki utavitupa, au utaviunganisha viwe blanketi la viraka? Kwa mtu aliyelemewa na mambo asiyoweza kuyabadili, kuamua hata rangi ya uzi ni jambo kubwa.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, kazi za mikono zikiwemo. Ripoti hiyo ilieleza kwamba sanaa inaweza kusaidia katika kuzuia maradhi na katika kuwatunza wanaougua.

Usishone peke yako

Faida hiyo huongezeka unaposhona pamoja na wenzako. Mwaka 2025, shirika hilo hilo lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Huenda ukadhani hayo ni mambo ya ng'ambo. Lakini je, unamjua kwa jina jirani anayeishi mlango unaotazamana na wako?

Anzeni watu wanne au watano, Jumamosi alasiri, nyumbani kwa mmoja wenu. Si lazima kila mtu awe na cherehani. Mmoja atakata, mwingine atapiga pindo la leso kwa mkono, mwingine atatia vifungo. Gazeti hili nalo, ukishalisoma, linafaa kukatia umbo la mkono au kola. Na kama mashine hazitoshi, changeni kwa zamu kama chama chochote kile. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wanaume wasijitenge. Mafundi wengi wa mijini ni wanaume, kwa hivyo hakuna aibu yoyote katika kushika sindano.

Jambo moja huonekana sana katika vikundi kama hivi. Mtu ambaye hawezi kumtazama mwenzake usoni akasema ana huzuni, huweza kulisema neno hilo akiwa ameinamia pindo. Mikono ina kazi, macho yako chini, na hakuna anayemhoji. Basi wekeni sharti kwamba yanayosemwa hapo yabaki hapo. Na mwenzenu akikosa kufika mara mbili mfululizo, mmoja wenu aende kumjulia hali.

Macho na mgongo

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, macho ya watu wengi hushindwa kuona vizuri vitu vilivyo karibu. Ukijikuta unanyoosha mkono ili uone tundu la sindano, usidhani umekwisha. Nenda ukapimwe macho. Miwani ya kusomea yaweza kukurudishia kazi yako. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwahusisha mafundi wa nguo na wafanyakazi wengine wa mikono. Waliopewa miwani ya aina hiyo walipata nyongeza ya thuluthi moja hivi katika mapato yao.

Keti karibu na dirisha mchana, na usiku weka taa upande ambao mkono wako hautatia kivuli kwenye kazi. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali.

Tumia kiti chenye egemeo badala ya stuli. Kisogeze karibu na mashine ili kazi ikufuate wewe, usiinamie kazi. Simama na ujinyooshe kila baada ya nusu saa. Nguo ndefu usiikate ukiwa umepiga magoti sakafuni. Tandaza kitambaa mezani. Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, hasa usiku, pumzisha mkono, na ganzi isipoisha mwone daktari.

Kama kuna watoto

Sindano, pini na vifungo viwekwe ndani ya mkebe wenye kifuniko, juu wasikofika. Zihesabu kabla ya kuinuka. Mtoto akimeza sindano au pini, usimtapishe wala usimlishe chochote ili kuisukuma. Mpeleke hospitali mara moja. Na sindano ikikatikia kidoleni mwako, usiichokoe kwa sindano nyingine. Nenda hospitali, na uulize kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

Kushona kusipotosha

Kushona si tiba ya kila kitu. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni isiyoondoka, hupati usingizi, huna hamu ya kula, au hata cherehani uliyoipenda haikuvutii tena, huo si uvivu. Huenda ni ugonjwa, na unatibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ueleze hali yako. Ukipatwa na wazo la kujidhuru, usingoje hizo wiki mbili: mwambie mtu leo. Kama huna ujasiri wa kwenda peke yako, mwombe mmoja wa wale mnaoshona nao akusindikize.